Kopo la Urembo wa Usiku

Maximilla alikuwa mkulima katika kijiji cha Rungwe Mpya, wilaya ya Kasulu. Yeye na mume wake, Bazilio, walilima mahindi, maharage na mihogo. Asubuhi alikwenda shambani. Alasiri, mara tatu kwa wiki, alikwenda kwenye darasa la elimu ya watu wazima. Mwaka huo, 1977, alikuwa ameanza kusoma maneno marefu bila kuweka kidole chini ya kila herufi.

Binti yake mkubwa aliitwa Immakulata. Alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, na alikuwa amechumbiwa na Tharsisi, fundi seremala wa Kibondo. Harusi ilipangwa mwezi wa nane, baada ya mavuno.

Mwezi wa tano, shangazi yake Tharsisi alikuja kutoka Kibondo kumwona bibi harusi. Jina lake Esteri. Alikula, akanywa, akashukuru. Wakati wa kuondoka alimvuta Maximilla pembeni.

"Binti ana adabu," alisema Esteri. "Lakini ni mweusi mno. Siku hizi kwetu maharusi wanang'arishwa. Mtafutieni kitu."

Maneno yale hayakumtoka Maximilla. Siku zilizofuata alimwangalia binti yake akitwanga, akiteka maji, akicheka na wadogo zake. Hakuwa amewahi kuona kasoro katika uso ule. Sasa aliitafuta.

Jumamosi alikwenda kwenye gulio. Huko alikuwapo Leonidasi, mchuuzi aliyezunguka na baiskeli katika magulio ya Kibondo na Kasulu. Aliuza vitana, vioo, shanga na sabuni. Mbele ya mkeka wake alikuwa amepanga makopo madogo mekundu. Kila kopo lilibandikwa karatasi nyeupe iliyoandikwa kwa mkono.

Maximilla akainua kopo moja. Akasoma mwenyewe, polepole: "U-re-mbo wa U-si-ku."

"Kumbe mama unasoma," alisema Leonidasi. "Basi umeona mwenyewe. Hii binti anapaka usiku, akienda kulala. Asubuhi ananawa. Baada ya wiki sita hutamjua."

"Imetengenezwa kwa kitu gani?"

"Maua tu, mama. Haina madhara."

Maximilla akanunua. Njiani alisoma ile karatasi tena na tena. Alifurahi kuona maneno yanamtii.

Usiku ule alimkalisha Immakulata kwenye kigoda karibu na taa. Akachota mafuta kwa vidole viwili, akampaka usoni na shingoni.

"Yananichoma kidogo, mama," alisema Immakulata.

"Vumilia, mwana wanje, mwanangu. Ni dawa inafanya kazi."

Akampaka kila usiku. Baada ya wiki tatu uso ulianza kung'aa. Majirani walisifu. Maximilla alijiona amefanya jambo la maana.

Wiki ya sita walikuwa wanavuna maharage. Jua lilikuwa kali, na upepo wa kiangazi ulileta vumbi jekundu. Jioni uso wa Immakulata uliwaka kama umemwagiwa maji ya moto. Kesho yake ngozi ilianza kubambuka. Mashavuni yakatokea mabaka meusi, na karibu na sikio la kushoto kidonda.

Maximilla alimfuata Leonidasi gulioni.

"Ni uchafu unatoka," alisema Leonidasi. "Ngozi ya zamani haitaki kuondoka. Mwongezeeni, asubuhi na jioni."

Wakaongeza.

Siku kumi baadaye Immakulata aliamka macho yamevimba. Miguu ilikuwa imejaa, hata viatu havikuingia. Alipojaribu kutunga uzi kwenye sindano, mkono ulimtetemeka. Akaiweka sindano chini, akamtazama mama yake.

"Mama, usinipake tena," alisema. "Kama Tharsisi hanitaki hivi nilivyo, asinichukue."

Maximilla akavitazama vidole vyake viwili, vile vya kupakia. Ncha zake zilikuwa zimefifia rangi, na kwa siku kadhaa vilikuwa na ganzi. Hakuwa amemwambia mtu.

Akalifunga kopo katika pindo la kanga. Wakaenda zahanati.

Muuguzi wa zahanati aliitwa Shamsia. Alikuwa mtu wa Ujiji, mwenye sauti ndogo na mikono yenye haraka. Aliutazama uso wa Immakulata kwenye mwanga wa dirisha. Akabonyeza mguu wake kwa kidole gumba. Kidole kilipotoka, shimo lilibaki. Akampa kichupa, akamwomba mkojo.

Shamsia alikishika kile kichupa kwa koleo, akakichemsha juu ya moto wa spiriti. Mkojo ukawa mzito na mweupe, kama ute wa yai ukipata moto.

"Mkojo wa mtu mwenye afya njema hauwi hivi," alisema. "Figo zimeumia. Figo ndizo zinazochuja damu. Zikiumia, maji yanabaki mwilini na mtu anavimba. Ulikuwa unapaka nini?"

Maximilla akatoa kopo. Shamsia alilizungusha, akakwangua pembe ya ile karatasi kwa ukucha. Kisha akaiweka pamba yenye maji juu yake, akasubiri. Karatasi ikabanduka yote. Chini yake palikuwa na maandishi mengine, yaliyopigwa chapa kwa Kiingereza. Shamsia alikijua Kiingereza cha kazi yake. Alisoma kimya.

"Nani amekuuzia?"

"Leonidasi, wa gulioni. Alisema ni maua."

"Sikiliza maua yake," alisema Shamsia. "Hapa wameandika: dawa ya upele wa ngozi. Itumike siku chache tu, kwa amri ya daktari. Isipakwe usoni. Ina zebaki." Akachukua kipimajoto, akawaonyesha ule mstari unaong'aa ndani ya kioo. "Zebaki ni hii. Ni sumu. Inapenya kwenye ngozi na kuingia katika damu. Inaharibu figo. Inatetemesha mikono. Mwanamke mwenye mimba akiipaka, inamfikia mtoto tumboni. Anayenyonyesha, inapita kwenye maziwa."

Immakulata akainama. Maximilla akaiokota ile karatasi iliyobanduka, akaitazama. Akasema kwa hasira:

"Miaka thelathini na minane sikujua kusoma. Nikajifunza. Na kitu cha kwanza nilichosoma mwenyewe sokoni ni uongo."

"Kosa si la kusoma kwako, mama," alisema Shamsia. "Yule aliufunika ukweli makusudi."

"Lakini mkono uliopaka ni wangu."

Shamsia hakumbishia. Aliuliza tu, "Nani aliwaambia kwamba uso huu una ugonjwa?"

Maximilla akamweleza habari ya Esteri. Shamsia akatikisa kichwa.

"Weusi si ugonjwa. Ngozi nyeusi inamkinga mtu na jua. Mmeiondoa kinga, ndiyo maana jua lilimuunguza. Sasa tutengeneze yaliyoharibika. Ngozi inajitengeneza vizuri mtu akilala, kwa hiyo usiku ndio wakati wa kuitunza. Nitawaonyesha, mtazame."

Akamimina maji ya uvuguvugu katika bakuli. "Kwanza osha mikono. Mikono michafu inapeleka uchafu usoni. Kisha uso, kwa maji safi na sabuni laini ya kuogea, kidogo. Sabuni ya kufulia ni kali, iache kwenye nguo. Usisugue kwa dodoki wala jiwe. Vumbi la kutwa linatoka kwa vidole tu. Suuza mpaka utelezi uishe."

Akachukua kitambaa cheupe. "Kausha kwa kugusagusa, usifute kwa nguvu. Kitambaa hiki kiwe chako peke yako. Kifue, kianikwe juani. Uso ukiwa bado na unyevu kidogo, paka mafuta ya mgando ya kawaida, yasiyo na manukato. Kiasi cha punje ya harage kinatosha uso mzima. Hapo unalala."

"Na limau?" aliuliza Immakulata. "Wanasema linaondoa mabaka."

"Linachoma. Limau, majivu, dawa ya meno, vyote viache. Mabaka usiyachokonoe. Mchana vaa kofia pana au jifunike kanga. Punguza chumvi, na kila wiki uje nipime mkojo. Usipopata nafuu katika wiki mbili, nitakupeleka hospitali Kasulu."

"Nitapona lini?"

"Figo, nadhani miezi michache, kwa kuwa umeacha. Uso utachukua muda zaidi. Anayekuahidi wiki sita, mkimbie."

Jioni ile Maximilla alimweleza Bazilio yote. Bazilio alitaka kwenda kumpiga Leonidasi. Maximilla akamwambia, "Ukimpiga, watu watazungumza habari ya ngumi. Mimi nataka wazungumze habari ya kopo."

Jumamosi alifika gulioni mapema pamoja na Immakulata. Leonidasi alikuwa anatandika mkeka.

"Mama, mmekuja kuongeza?"

Maximilla akaweka mbele yake lile kopo lisilo na karatasi. "Soma."

"Hiki ni Kiingereza. Mimi sikijui."

"Hukijui, lakini ulijua kukifunika."

Leonidasi akatazama huku na huku. "Ndugu yangu, mimi ni mchuuzi tu. Nanunua, nauza. Sikumlazimisha mtu."

"Hukunishika mkono, ni kweli. Uliniambia ni maua. Mtoto wangu alipobambuka ukaniambia niongeze. Ulijua hali yake, ukaniambia niongeze."

"Kama hutaki kununua, wapishe wengine."

Maximilla hakuwapisha. Alikaa chini, kando ya mkeka. Immakulata akakaa karibu naye. Kisha, bila kuambiwa, akaivua kanga aliyojifunika kichwani. Uso wake ukaonekana wote, na mabaka yake na kidonda chake.

Akaja mwanamke wa kwanza, akainua kopo. Maximilla akasema, "Dada, huyu ni binti yangu. Alipaka hiyo." Mwanamke akamtazama Immakulata, akalirudisha kopo. Akaja wa pili, akaambiwa vilevile. Leonidasi alisema kwamba binti yule ana ukoma. Immakulata akanyanyua kichwa.

"Sina ukoma," alisema. "Zahanati ile pale. Nendeni mkamuulize nesi Shamsia."

Watu wakasogea. Mwanamke mmoja mwenye mimba kubwa akafungua kikapu chake, akatoa kopo jekundu. Alilishika kana kwamba limemuuma. Akaliweka chini miguuni pa Maximilla.

"Nimepaka miezi miwili," alisema. "Na mtoto wangu?"

Maximilla alisimama, akamshika mkono, akampeleka mwenyewe zahanati, Immakulata akabaki pale kando ya mkeka.

Aliporudi, makopo yaliyorudishwa na wanawake miguuni pa Immakulata yalikuwa kumi na moja. Leonidasi alikuwa anafunga mzigo kwenye baiskeli, lakini hakufika mbali. Shamsia alikuwa ameandika barua Kasulu, na bwana afya alifika mchana ule pamoja na mwenyekiti wa kijiji. Makopo yote yakatiwa katika debe na kufungwa. Hayakuchomwa, kwa sababu moshi wa zebaki nao ni sumu. Bwana afya akaondoka nalo debe, na Leonidasi akaenda naye kujieleza wilayani.

Kuanzia siku ile, kila usiku Immakulata alifanya alivyofundishwa. Wiki ya kwanza hakuona mabadiliko, akalia. Wiki ya tatu kidonda kilifunga, na miguu ikaingia tena katika viatu. Maximilla naye, aliyezoea kuogea sabuni ya kufulia, aliiacha, na kwa kuwa hakugusa tena yale mafuta, ganzi ya vidole ikaanza kumwachia.

Mwezi wa nane, siku zilizopangwa kuwa za harusi, Tharsisi alikuja kutoka Kibondo. Immakulata alijificha jikoni. Tharsisi alikaa uani, akamwamkia mama mkwe wake kwa heshima, macho chini.

"Shikamoo, mama. Nimesikia yaliyotokea, na kwamba yalianza na maneno ya shangazi. Mimi sikumtuma. Nilipomposa Immakulata, nilikuwa nimemwona mchana kweupe."

"Nesi anataka asubiri mpaka figo zipone," alisema Maximilla.

"Tutasubiri."

"Na mabaka huenda mengine yasitoke."

"Mama, mimi sioi mashavu. Niruhusuni nimsalimie."

Immakulata akatoka jikoni, akasimama mlangoni bila kujifunika.

Mwezi wa kumi na moja Shamsia alichemsha mkojo wa Immakulata mara mbili. Ulibaki mwangavu kama maji. Yule mama mwenye mimba alikuwa amejifungua Kasulu. Mtoto alikuwa mdogo lakini ananyonya vizuri, na Shamsia alimpima uzito kila mwezi.

Ndoa ilifungwa kabla ya Krismasi. Uso wa Immakulata ulikuwa umerudia weusi wake, laini, wenye afya. Baka moja lilibaki karibu na sikio la kushoto. Asubuhi ya harusi Esteri alikuja na poda kulifunika.

"Hapana, shangazi, asante," alisema Immakulata. "Liache. Wakiuliza nitawaambia."

Esteri akairudisha poda mkobani. Wakati wa kula alimtafuta Maximilla, akamkuta amekaa mkekani peke yake. Akasimama mbele yake.

"Nilisema vibaya siku ile," alisema.

"Ndiyo," alisema Maximilla. "Ulisema vibaya, na mimi nikakusikiliza."

Hakusema kwamba yamekwisha. Alisogea kidogo pembeni, akampa nafasi ya kukaa.