Hodi Kutoka Ndani

Hodi hupigwa nje. Ndivyo dunia ilivyo. Alasiri ile ilipigwa ndani, nyuma ya pazia lililotenga kitanda na cherehani. Mshonaji, aliyekuwa ameinamia upindo wa gauni la mteja na pini midomoni, alijibu kama ajibuvyo kila muungwana: "Karibu."

Alipoinua kichwa, mlangoni hapakuwa na mtu. Nyuma ya pazia, kitanda kikabonyea taratibu, kama kinachopokea mgeni aliyechoka.

Kisha ikaja harufu ya tope la mikoko lililofukuliwa, na ya mizizi mibichi iliyokatwa. Ikaganda kwenye vitambaa, hata wateja wakaanza kukunja pua. Binti yake mdogo akawa analala ukingoni kabisa mwa mkeka, na alipoulizwa alisema anampisha babu.

Mshonaji akamnong'oneza mumewe wahame. Mume, mlinzi wa majumba ya kifahari ufukweni, alimuuliza wahamie wapi. Tangu wenye fedha kutoka mbali waanze kuununua ufuko kipande kwa kipande, kodi ya vyumba vya wilayani ilikuwa imepaa. Walimu walikuwa wakilala kwenye stoo za maduka, na mwenye nyumba wao aliomba dua tu waondoke apate kupandisha yake.

"Vumilia, mke wangu," alisema mume. "Jini angalau hapandishi kodi."

Walicheka. Kesho yake mtoto aliacha kula.

Mganga alifika mume akiwa ameshakwenda lindoni. Akafukiza ubani, akamfunika mtoto shuka hadi shingoni, akaamuru kilichomo kirudi kilikotoka. Sauti iliyojibu ilikuwa ya mzee, ya upole, na upole wake ndio uliomsisimua mshonaji mwili mzima.

"Nilikotoka pamejengwa ukuta."

"Nenda pangoni."

"Pango sasa ni baa."

"Kisima cha kale, je?"

"Kimefukiwa. Watu wanaogelea juu yake."

Mganga akaongeza ubani. "Basi nenda kwenye majumba yale ya ufukweni. Mwaka mzima hayana mtu."

Mtoto akatabasamu, kama mkubwa amhurumiaye mdogo.

"Kule kumejaa. Wenzangu walitangulia."

Mganga akaweka chini chetezo. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba jini hatolewi bila kuonyeshwa pa kwenda, naye hana tena pa kumwonyesha. Kisha akauliza ni nani aliyemkaribisha.

"Mimi," alisema mshonaji.

"Basi ni mgeni wako, mwanangu."

Na chini ya shuka pumzi za mtoto zilikuwa zikipungua, nyembamba kama uzi unaokaribia kukatika, na harufu ya tope ikazidi hata ikauzima ubani, na vidole vile vidogo vikaanza kukwaruza sakafu kama mizizi itafutayo udongo, na mshonaji, aliyekwisha kubisha kila mlango wa wilaya ile akitafuta chumba na kila mlango ukafungwa mbele yake, alijua uchungu wa kukosa pa kujisitiri, akamjua na mgeni wake, akamwonea huruma na kumchukia kwa wakati mmoja, akainama hadi midomo yake ikagusa sikio la mwanawe.

"Mwache huyu, ni mdogo, hakutoshi," alinong'ona, mkono kifuani. "Mimi nina nafasi. Kaa humu."

Mtoto akalia, kilio cha mtoto hasa, akaomba maji. Mganga hakungoja ujira. Alitoka kinyumenyume, macho chini.

Asubuhi mume alirudi kutoka lindoni. Chumba kilinukia sabuni, cherehani ilikuwa ikiimba, na binti alikuwa amejikunyata pembeni, ameziba masikio kwa viganja.

"Hodi, mke wangu."

Mshonaji akatoa pini midomoni, moja moja.

"Karibu," alisema.

Na kabla hajafumba mdomo, kutoka koo lile lile, sauti ya mzee aliyelala vizuri ikaongeza: "Karibu kwetu."