Mashine ya Jovina na Taa ya Mita

Kila asubuhi kabla ya shule, Gaju alichemsha maji ya kuoga kwa birika kubwa la umeme. Birika la kwanza la kuoga, la pili la kujimwagia tu, maana baridi ya Kigali hakuipenda hata kidogo.

Pale mtaani Kimironko, Mzee Munyakazi mwenye nyumba, mama yake Gaju, na mpangaji mwenzake Jovina, fundi cherehani kutoka Bukoba, walitumia mita moja ya umeme na kuchanga pesa sawasawa. Lakini umeme ukaanza kuisha kabla ya mwezi kwisha.

"Hiyo mashine iko inakula umeme!" Mzee akaamua. "Kutwa nzima inanguruma! Jovina atoe mara mbili."

Mwezi wa kwanza Jovina alitoa. Wa pili akaanza kufunga vitambaa vyake. "Nahamia Kinyinya, mdogo wangu," akamwambia Gaju. "Sitaweza."

Gaju aliumia sana. Nani mwingine angevumilia maswali yake mia kwa siku?

Akakumbuka maneno ya Mwalimu Kaze: umeme ukitumika sana, taa nyekundu ya mita hupepesa haraka. Jumamosi, mama na Mzee wakiwa sokoni na vyombo vyote vimezimwa, akachuchumaa mbele ya mita.

"Dada Jovina, shona!"

Mashine ikanguruma. Taa ikapepesa mara moja tu kwa dakika. Ajabu! Sasa ni nini basi kinachokula umeme? Jovina alipopumzika, Gaju akawasha birika, akarudi mbio kuhesabu. Tatu, kumi, thelathini... hamsini na tatu ndani ya dakika moja! Kumbe mlaji ni yeye!

Hakuna aliyemwona. Angeweza kunyamaza. Lakini mlangoni kwa Jovina mabegi yalikuwa yamefungwa tayari.

Wakubwa waliporudi, aliwaita kwenye mita, akawaonyesha yote, akakiri huku akilia: "Ni mimi na birika langu la pili."

"Ayi we! Kumbe ni sisi?" mama akashika kichwa.

Mzee Munyakazi alivua kofia. "Jovina binti yangu, nisamehe. Ulichozidisha nitakurudishia. Nilihukumu kwa masikio, mtoto amepima kwa macho. Kabla ya kumnyooshea jirani kidole, tujipime wenyewe kwanza. Na wewe Gaju, kusema kweli inayokuumiza mwenyewe, huo ndio ujasiri."

Jumatatu alfajiri, Gaju alioga maji baridi, akapiga kelele nyumba nzima ikaamka.

"Haya, nani ananguruma sasa?" Jovina akauliza dirishani, akicheka, vitambaa vyake vikiwa vimerudi mezani.