Makaburi Yaliyofutwa Tyseley

Jumanne adhuhuri, Kowsar alipofungua bomba atawadhe, maji yalinuka mafuta ghafi. Akamlaumu fundi. Alhamisi akakuta nyayo za tope kwenye zulia, za mtu mzima aliye pekupeku, na katika nyumba ile ya mtaa wa Washwood Heath mtu mzima alikuwa yeye peke yake.

Moyo ulimwambia sababu. Akajitia hamnazo.

Kazi yake, katika ofisi moja kule mtaa wa Tyseley, ilikuwa kuskani ramani za kale za nchi ya mbali, zenye mifereji ya umwagiliaji na visima vya kwanza vya mafuta. Kampuni moja ilizitaka ikapitishe mabomba huko. Kando ya mifereji, mpimaji wa zamani alikuwa ametia alama za penseli na kuandika: hapa amezikwa kibarua. Kowsar alisoma, akaelewa. Lakini kila alama ilitaka ukaguzi mpya, naye alitaka kuwahi nyumbani. Akazifuta zote kwenye nakala za kompyuta kana kwamba ni uchafu. Sasa tingatinga zilikuwa zikichimba.

Jumamosi mchana alimsikia bintiye Falis akinong'ona chumbani, akapanda ngazi huku ile harufu ikizidi na kitu kama sepetu kikikwangua udongo nyuma ya ukuta, akasukuma mlango, na mtoto wake wa miaka sita alikuwa kapiga magoti mbele ya kona tupu, mikono imejaa tope hadi viwikoni.

"Unaongea na nani, mama?" Kowsar alimuuliza.

"He's cold, Hooyo," Falis alimjibu mama yake kwa Kiingereza. "He says you know him."

Maalim Amour, Mzanzibari afundishaye watoto Kurani, alipigiwa simu, akaja mbio. Alisoma mpaka jasho likamtoka.

"Binti yangu," alinong'ona, "hili ni jini mlinzi wa kaburi. Limefukuzwa kwake. Umefanya nini?"

Kowsar akaangua kilio. "Nilifuta kaburi kwenye ramani, Maalim. Na nilijua."

"Moja tu?"

Aliwaza kazi ambayo angeipoteza, na aibu. "Moja tu."

"Basi waandikie wanaoitumia ramani hiyo sasa hivi, waliache kaburi."

Akaiandikia kampuni palepale, akitaja kaburi moja. Maalim akasoma tena, akaliamuru jini lirudi kwake. Harufu ikakatika. Kowsar akashusha pumzi.

Falis alikuwa dirishani.

"He's gone home, Hooyo. But who are all those others coming up our road?"

Maalim Amour akafunga msahafu, akamgeukia Kowsar.

"Umeniambia moja," alisema.