Mama Mkwe Alifungua Bomba Kabla ya Mpimaji Kufika

"Mama! Unafanya nini?!"

Saa moja asubuhi. Mama mkwe wangu, Truus, yuko jikoni kwangu, koti hajavua. Bomba kalifungua mpaka mwisho, maji yanamwagika tu!

Na hapo juu nilibandika karatasi kubwa: USIGUSE.

"Naosha kikombe."

"Kikombe kiko wapi?"

Akafunga bomba.

Ngojeni niwaeleze. Tunaishi Amsterdam, nyumba ya zamani aliyorithi mume wangu Sjoerd, na sasa tunaiuzia Annelot na mwenzake. Nyumba nyingi za mtaa wetu bado zina mabomba ya madini ya risasi chini ya sakafu, yetu sikujua. Risasi inaingia kwenye maji, huioni, haina ladha, inaharibu ubongo wa mtoto.

Mwanangu Teun ana miezi mitano. Maziwa yake ya kopo nimekuwa nikikoroga kwa maji ya bomba hilohilo!

Nilipoomba vipimo nilipewa sharti moja. Maji yalale bombani usiku kucha. Ukiyamwaga kwanza, yenye sumu yanaondoka na kipimo kinatoka safi.

Mpimaji alikuwa anakuja saa mbili. Na huyu mama kayamwaga!

"Funguo nilikupa umwagilie maua tukisafiri," nikamwambia. "Sikukupa uje kuniulia mtoto!"

"Punguza mdomo, Machteld. Nimelea watoto watatu kwa maji haya."

"Toka!"

"Natoka. Ila muulize mumeo nani alinipigia simu jana."

Jamani!

Nikampigia Sjoerd kazini.

"Ulimtuma mama yako?"

Akavuta pumzi.

"Ni kwa ajili ya wanunuzi, mke wangu. Wanasaini Ijumaa. Ripoti ikiwa mbaya, nani atanunua?"

"Annelot ana mimba ya miezi saba, Sjoerd!"

"Si watajijua? Sisi tunahama."

Nilikata simu. Nilimchukia kwa moyo wangu wote, nasema kweli.

Mpimaji alipofika nikamwambia asipime, arudi kesho. Siku hiyo nikafunga valvu kuu ya nyumba nzima, maji yalale bila mtu kuyagusa. Sjoerd akarudi, hakuna kuoga, hakuna kahawa.

"Umechanganyikiwa wewe?"

"Kaoge kwa mama yako."

Kesho yake mpimaji akapima, majibu yakatoka: risasi mara tatu ya kiwango kinachoruhusiwa! Nikamkimbiza Teun hospitali. Damu yake ikakutwa nayo. Daktari akasema tumewahi, lakini ataangaliwa mpaka aanze shule.

Nililia, kisha nikafanya nililoona ni haki. Nikampigia Annelot. Nilijua navunja mauzo ya nyumba ya mume wangu.

"Annelot, nisamehe. Maji ya hapa yana risasi."

"Aah, hiyo? Tunajua. Mumeo alishatuambia."

"Alishawaambia... lini?"

"Miezi miwili iliyopita. Ipo kwenye fomu ya muuzaji."

Akanitumia picha.

Swali la mabomba ya risasi: NDIYO. Umejua tangu lini? Tangu alipoirithi nyumba. Miaka minne! Sahihi ya Sjoerd, mwandiko wa Sjoerd.

Kwa hiyo mama yake hakutumwa kuwaficha wanunuzi. Alitumwa kunificha mimi, nisijue kwamba mume wangu alijua siku zote!

Nilimwekea Sjoerd simu mbele ya uso.

"Mbona wao uliwaambia?"

"Ukidanganya kwenye fomu wanakushtaki, Machteld..."

"Na mimi?"

 Akasema ningejua ningedai mabomba yang'olewe, na kuyang'oa kungebomoa sakafu ya jikoni aliyoitandika kwa mikono yake. Hiyo tu!

Sasa niko kwa dada yangu, mjini Zwolle, na Teun wangu.

Nyie mnaonisoma, kapimeni maji yenu. Na mtu wa nyumbani akikwambia "usiwe na wasiwasi", jiulize angemwambia nini mgeni anayeweza kumpeleka mahakamani.

Kwa sababu chini ya ile fomu, pale pa maoni, mume wangu alimwandikia Annelot kwa upole kabisa:

"Mtoto akizaliwa, tumieni maji ya chupa."