Washa ya Nne

Hakuna mtu anayejua injini za magari kuliko mimi ninayewaandikia haya. Ninajua kwamba hukaa mbele, chini ya boneti. Na hilo nalo niliambiwa na binti mmoja wa miaka kumi na miwili, baada ya kunikuta nikiitafuta upande wa nyuma. Kwa hiyo yote mtakayosoma hapa kuhusu nati na bolti ni ya binti huyo. Yangu ni maneno tu.

Binti huyo aliitwa Kidole, kwa sababu mikono yake ilikuwa myembamba na iliweza kupenya mahali ambapo mkono wa mtu mzima ungekwama. Kila siku ya likizo aliamka mapema, akanywa chai, akamfuata mama yake gerejini. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufagia. Ya pili ilikuwa kupanga bolti kwenye makopo, ndefu na ndefu, fupi na fupi. Ya tatu, ambayo hakutumwa na mtu, ilikuwa kumdharau Injinia.

Injinia hakuwa injinia. Alikuwa fundi wa kawaida aliyeajiriwa na mama. Jina hilo alijipa mwenyewe siku ya kwanza, watu wakamwachia, kama unavyomwachia mtoto kofia yake ya karatasi. Alivaa ovaroli nyeupe. Nyeupe, gerejini! Sikioni alichomeka penseli ambayo haijawahi kuandika hata mstari mmoja. Ukimwuliza kwa nini gari haliwaki, alikusimulia kwanza jinsi alivyowasha gari la mkubwa fulani lililowashinda mafundi saba. Ukimwuliza tena wiki iliyofuata, mafundi wale walikuwa wamefika kumi na wawili.

"Shikamoo, Injinia," Kidole alimwambia kila asubuhi, kwa adabu ya kuigiza. "Leo mafundi wamefika wangapi?"

"Marahaba. Wewe mtoto una mdomo kama honi," Injinia alijibu.

Mama alimkemea binti yake, lakini aligeuka pembeni kwanza ili acheke.

Mwezi ule gerejini palikuwa na gari moja la kale, la rangi ya maziwa, lenye taa za mviringo kama macho ya mtu aliyeshtuka. Mwenyewe alikuwa mzee mpima ardhi aliyestaafu, mtu wa tai na viatu vinavyong'aa. Gari lilikuja na usukani kushoto, na barabara za huko zinataka usukani uwe kulia. Kwa miaka ishirini, kila mzee alipotaka kulipita lori, mkewe aliyeketi upande wa kulia ndiye aliyechungulia na kumwambia, "Pita!" au "Rudi!"

"Nyumbani tunaelewana vizuri," mzee alimweleza mama. "Ndani ya gari tunagombana mpaka basi. Sasa macho yake yamepungua nguvu, Mama Fundi, na bado ananiambia 'Pita!' Nihamishie huo usukani kabla hatujazikwa pamoja."

Mama akauhamisha. Lakini usukani hauhamishwi kama kiti. Fimbo yake sasa ilishuka upande wa kulia wa injini, palepale ilipokuwa ikikaa alteneta, ile mashine inayochaji betri. Ikabidi mama atengeneze breketi mpya, kishikio cha chuma, na kuipandisha alteneta juu ya fimbo. Hapo ndipo kazi ngumu ilipoanza. Alteneta, feni na pampu ya maji vyote huzungushwa na mkanda mmoja, na mkanda huo hupita kwenye puli, magurudumu madogo yenye mfereji. Puli moja ikisogea nyuma kidogo tu kuliko nyingine, mkanda unakwenda upande, unalia, na mwisho unachomoka. Pampu ikisimama, maji hayazunguki na injini inachemka.

Mama alilaza kipande cha chuma kilichonyooka juu ya puli zote, akafumba jicho moja, akapima, kisha akapima tena. Alichukua washa nne, zile pete bapa za chuma, akamwekea binti yake kiganjani.

"Zitakaa kati ya breketi na alteneta, kwa nyuma. Ni nne. Si tatu, si tano."

Kati ya alteneta na ile fimbo ya usukani palikuwa na upenyo wa mkono wa mtoto, basi. Kidole akaingiza mkono. Mama akaenda getini kumsikiliza mteja. Injinia akabaki amesimama, mikono kiunoni, akisimulia jinsi alivyowahi kufunga mkanda wa gari kwa kamba ya kiatu na gari likaenda safari ya siku mbili.

Kidole hakuweza kunyamaza. Aligeuza kichwa.

"Kamba ya kiatu cha kulia au cha kushoto?"

Washa ya nne ikamteleza. Ikalia *ting!* kwenye chuma, ikatumbukia kwenye beseni la mafuta machafu lililokuwa chini ya gari.

Kopo la washa lilikuwa hatua kumi kutoka pale. Angelifuata, akarudi, ikaisha. Lakini Injinia angeona kwamba ameangusha kitu. Angesema, "Hata wewe?" na mpaka likizo iishe asingesema lingine. Kuchekwa na Injinia! Afadhali kuchekwa na jogoo. Kidole alizisukuma washa tatu mahali pake, akamwita mama aje afunge bolti.

"Nne?" mama aliuliza aliporudi.

"Nne."

Jioni mzee alipita kulitazama gari lake. Mama alikuwa ananawa mikono. Injinia hakuiacha nafasi hiyo impite.

"Alteneta hii, mzee, nimeifunga kwa mkono wangu huu. Mtoto alinishikia taa tu."

Kidole alimtazama kama unavyotazama kitu kilichoganda kwenye soli ya kiatu.

Siku iliyofuata wakatoka kulijaribu. Mzee aliendesha, mama akaketi kando yake, Kidole na Injinia nyuma. Njia yote ya tambarare gari lilikwenda vizuri. Walipoanza kupanda kilima, mama akasema, "Washa taa zote, mzee. Nataka alteneta ifanye kazi kweli."

Taa zikawaka. Mkanda ukaanza kulia kama mbuzi aliyekanyagwa mguu. Harufu ya mpira unaoungua ikaingia ndani. Kisha, *pwaa!* Mkanda ukachomoka. Taa nyekundu ikawaka mbele ya mzee na mshale wa joto ukaanza kupanda.

"Zima!" mama alisema.

Walilirudisha gari polepole kwenye mteremko, mzee amekanyaga breki. Gerejini alisema jambo moja tu: "Jumamosi nilikuwa nipande kilima hicho na mke wangu."

Mama alilaza kile chuma chake kilichonyooka juu ya puli, na kila mtu akaona mwanga ukipita upande wa alteneta.

"Imerudi nyuma. Kwa washa nne nilipima ikawa sawa. Nani ameigusa?"

Mzee alimnyooshea Injinia kidole. "Huyu bwana aliniambia jana ameifunga kwa mkono wake."

Injinia akafungua mdomo. Mara ya kwanza tangu aajiriwe, sauti ilitoka ndogo.

"Mzee, ile... nilikuwa nasema tu."

"Ulikuwa unasema tu?" mama aliuliza. Kisha akamgeukia binti yake. "Kidole, wewe ulitia washa ngapi?"

"Nne, mama." Na kwa kuwa mama aliendelea kumtazama, aliongeza, kwa wepesi uliomshangaza yeye mwenyewe, "Injinia aliifungua tena jioni. Nilimwona."

"Haki ya Mungu sikuigusa!" Injinia alilia. "Mama Fundi, hii mara moja niamini!"

Nani angemwamini? Mtu wa mafundi kumi na wawili na kamba ya kiatu?

"Nimevumilia maneno yako miaka mitatu," mama alisema. "Maneno hayavunji injini, nikakuacha. Hili limevunja. Kusanya vitu vyako."

Injinia aliitoa penseli sikioni, akaitia mfukoni. Bila ile penseli alionekana mtu wa kawaida kabisa, mwenye mvi mbili tatu, baba wa watu. Akaenda nyuma ya gereji kwenye kabati lake.

Kidole alisubiri furaha ije. Haikuja. Alisikia vyuma vikipangwa sandukuni, kimoja kimoja.

"Njoo tuirekebishe," mama alimwambia. "Ingiza mkono ushike zilizobaki."

Kidole akaingiza mkono. Mama akamulika kwa taa, akahesabu washa tatu, akautazama ukipenya kati ya fimbo na alteneta, ukigusa huku na huku. Spana ikasimama hewani.

"Toa mkono. Injinia! Njoo hapa."

Injinia akaja, macho mekundu.

"Ingiza mkono wako hapo, ushike washa."

Mkono wa Injinia ulikuwa mpana, vidole kama vipini vya nyundo. Uliingia mpaka kwenye mafundo, ukakwama. Aliugeuza, akaubana, akajaribu wa kushoto. Wapi!

"Kufungua angeweza," mama alisema taratibu, "maana spana inapita kwa mbele. Lakini akishafungua, washa zote zinadondoka. Sasa zimo tatu, zimekaa vizuri kabisa kwa nyuma. Angezirudisha kwa mkono wa nani?"

Kidole aliuficha mkono wake mgongoni, kana kwamba ulikuwa wa mtu mwingine.

"Kidole."

"Nilitia tatu. Ya nne ilianguka kwenye mafuta."

"Na jioni ulimwona Injinia akifungua?"

"Sikumwona." Machozi yakaanza. "Yeye husema uongo kila siku, mama. Nilijua mtaamini."

Mzee mpima ardhi alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

"Usinililie mimi," mama alisema. "Aliyepoteza kazi ni yule pale."

Kwa miaka yote mitatu Kidole hakuwahi kumwita mtu huyo jina la heshima bila kejeli ndani yake. Sasa alisimama mbele yake, akatazama vifungo vya ile ovaroli nyeupe. "Nisamehe, mjomba. Nilikusingizia."

Injinia aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, akasema, "Haya," basi.

Mama naye akamwomba radhi. "Nilikuhukumu kwa majigambo yako ya jana, wala sikukutazama hata mkono. Rudi kazini."

Kisha Kidole akatia washa nne, akizihesabu kwa sauti mbele ya wote, na safari hii alizionyesha moja baada ya nyingine, hata kwa mjomba. Wakafunga mkanda mpya. Mama akalaza chuma chake, hakuna mwanga uliopita. Mzee akapanda kile kilima mara tatu, taa zote zinawaka, na mkanda haukutoa hata mguno. Alirudi tai imepinda.

"Nimelipita lori!" alisema. "Kwa macho yangu mwenyewe! Sijamwuliza mtu!"

Alipokwisha kuondoka kwenda kumchukua mkewe, mama alimkalisha Kidole juu ya tairi kuukuu.

"Mwanangu, washa humponyoka kila fundi. Mimi mwenyewe nimeangusha nyingi. Ungeniambia, ningekupa nyingine na tungesahau. Lakini ulimdharau mwenzako mpaka ukaona afadhali gari la watu liharibike kuliko yeye akucheke. Halafu ukaona hata kumsingizia si kosa, kwa kuwa ni muongo. Sikiliza. Mtu akiwa muongo, uongo wake mwenyewe unamtosha. Usimwongezee wa kwako."

"Sitarudia, mama."

Injinia, aliyekuwa akifuta spana karibu nao, alisikia yote. Akaitoa penseli mfukoni, akairudisha sikioni, akakohoa.

"Mimi kwanza sikutishika," alisema. "Hata kidogo! Mtu wa ujuzi wangu hafukuzwi hivi hivi. Nilijiambia, Injinia, tulia, ukweli utajulikana. Sanduku lenyewe nililipanga tu kwa sababu lilikuwa chafu. Nilikuwa nimetulia kama maji kwenye mtungi."

Getini pakasikika magurudumu yanayolia kwa kukosa grisi. Kijana mmoja aliingia akisukuma mkokoteni, jasho linamtiririka.

"Samahani, nimepata pancha njiani," alisema, akitazama huku na huku. Macho yake yakatua kwenye ovaroli nyeupe. "Ee! Ni wewe fundi aliyefukuzwa? Umenipigia simu mara tano nije kubeba sanduku. Pole sana, mzee wangu. Ulikuwa unalia mpaka sikuelewa gereji iko wapi."