Isalimie Mashine Kwanza

Faida alifagia karakana ya jamii ya Saio, kisha akakaa mbele ya foni. Foni ni redio ya kuitana. Hii ilikuwa ya ambulansi. Ilisikia vijiji vikiita, lakini haikuweza kujibu.

Pétronille, muuguzi, hakutaka kiti.

"Bado?"

"Bado, mama."

"Mama mumoja iko na uchungu tangu jana. Wanatuita, siye hawatusikii. Tutauliza njia namna gani? Ule mwezi ulipita dereva aliondoka bila habari ya njia, hakurudi."

Faida alijua. Dereva yule alikuwa Floribert, kaka yake.

Alichukua sindano ya kupimia ya osiloskopu, mashine inayoonyesha umeme kama wimbi kwenye kioo. Karakana nzima ilikuwa na moja tu. Akagusa kipande cha kukuza sauti, akapiga mluzi kwenye maikrofoni. Wimbi lilikuwa dogo sana.

"Kipande kimekufa. Nakitoa."

"Weye, ngoja!" Mama Hélène, fundi mkuu, alimshika mkono. "Ukikuta watu wanakula, unaangalia sahani mbele ya kusalimia?"

"Hapana, mama."

"Basi, mashine umeisalimia?"

Mama Hélène aligusisha sindano kwenye ncha ya kujipimia ya osiloskopu yenyewe. "Hapa inatoa volti tano. Kioo kinasema ngapi?"

"Nusu volti."

"Angalia swichi ya sindano."

Swichi ilikuwa kwenye 10. Jana Katsuva, fundi mwingine, alipima umeme mkubwa, akaiacha hivyo. Sindano iligawa kila kitu kwa kumi.

Faida alirudisha swichi kwenye 1. Kioo kikasema tano. Akapima foni tena. Kipande kilikuwa kizima! Alifuata wimbi mbele, hatua kwa hatua, mpaka likapotea ghafla. Hapo risasi ya kulehemu ilikuwa imepasuka. Akailehemu upya.

Pétronille alishika maikrofoni. "Munatusikia?"

Sauti ya kijijini ikajibu: "Tunawasikia! Musipite kwa daraja, kuko watu wa bunduki. Muzunguke kwa shule!"

Faida aliandika kwenye karatasi, akaibandika juu ya osiloskopu: *Ni ya wote. Isalimie kabla ya kupima. Ukimaliza, rudisha swichi kwenye 1.*

Saa kumi jioni ambulansi ilirudi, ikasimama mbele ya karakana. Faida alitoka mbio, akachungulia ndani. Mama. Mtoto mchanga. Muuguzi.

Na dereva. Huyu alirudi.