Noboru Si Mbuzi

Kila jioni Setsuko na mumewe, Noboru, walivutana juu ya bakuli la saladi nyumbani kwao mjini Gardena. Daktari alikuwa amesema presha ya Noboru iko juu: ameze dawa, apunguze chumvi, ale mboga kwa wingi. Dawa alimeza. Mboga alizisukuma pembeni.

"Mama Keiko, mimi si mbuzi. Nipe sosi ya tangawizi kama ya mkahawani, nitakula."

"Ile ya chupa? Chumvi tupu!"

Setsuko akajaribu kuitengeneza mwenyewe. Alitupa pande zima la tangawizi kwenye mashine ya kusagia, akamwaga mafuta na siki kwa pamoja. Noboru alionja, akavuta uzi mrefu ulimini.

"Umenipikia kamba? Unataka kunifunga?"

Setsuko hakucheka. Baba yake mzazi aliangushwa na presha hiyohiyo. Asubuhi alimwita jirani yake Tomiko, aliyepika mkahawani miaka ishirini.

"Shoga, tangawizi ina nyuzi," Tomiko alisema. "Imenye, uikate vipande vyembamba kama sarafu. Hapo nyuzi zinakatika."

"Na mafuta mbona yalielea?"

"Uliyamwaga yote! Yanakuja mwisho, kidogo kidogo, mashine ikizunguka."

Walisaga karoti moja, robo ya kitunguu, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, na vijiko vitatu vya siki ya mchele. Setsuko akainamisha chupa ya sosi ya soya. Tomiko akamshika mkono.

"Pima! Kijiko kimoja tu, tena ile yenye chumvi kidogo. Utamu utatoka kwenye karoti."

Mafuta yakaingia taratibu. Sosi ikawa nzito, rangi ya chungwa. Wakaiweka kwenye friji saa moja ili ukali utulie.

Jioni mume na mke walimshukuru Mungu, wakaketi. Noboru alichovya jani moja. La pili. Setsuko alishika ukingo wa meza. Bakuli likabaki jeupe.

"Kuna nyingine?" Noboru aliuliza, haangalii mtu.

Baada ya miezi miwili, daktari alimfunga mkanda wa kupimia presha. Akatabasamu.

"Imeshuka vizuri, Mzee Hamamoto. Dawa usiache. Lakini niambie, mboga umezizoeaje?"

Noboru alimtazama mkewe.

"Mee!" akajibu.

Setsuko alicheka mpaka muuguzi akachungulia mlangoni.